SOMO LA WIKI: KUHAMIA KOMPYUTA MPYA NI MAKABIDHIANO YA GHALA

Wafanyabiashara wengi hununua kompyuta mpya kwa uangalifu mkubwa. Huuliza bei duka hadi duka, huomba punguzo, hudai risiti na hati ya dhamana. Lakini ikifika siku ya kuhamisha kazi kutoka mashine ya zamani, huiacha mikononi mwa fundi na kwenda kuhudumia wateja. Jioni fundi anasema "tayari bosi", anachukua ujira wake na kuondoka. Kasoro hujitokeza wiki tatu baadaye, mteja anapokana deni na ankara yake haionekani.

Somo la wiki hii ni kwa mwenye duka, wakala, msambazaji na mwekezaji mdogo anayetunza hesabu zake kwenye kompyuta. Hoja yetu ni moja. Kuhamia kompyuta mpya ni sawa na makabidhiano kati ya mtunza ghala anayeondoka na anayeingia. Kuna orodha, kuna kuhesabu, na kuna sahihi. Anayeondoka haruhusiwi kwenda zake mpaka hesabu zilingane.

KWA NINI JAMBO HILI LIMEWAFIKIA WENGI

Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, wa Windows 8.1 tarehe 10 Januari 2023, na wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Msaada ukifungwa kompyuta haizimiki, ila haipati tena marekebisho ya kawaida ya usalama. Mashine inayotumika kuingia benki au kutazama akaunti ya hisa haifai kukaa hivyo kwa muda mrefu.

Anayetaka kununua kompyuta iliyokwisha tumika azingatie jambo moja. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa mashine za Intel kwa ujumla inaanzia kizazi cha 8. Kompyuta ya bei rahisi yenye prosesa ya kizazi cha 4 au cha 6 haikubaliki rasmi. Muulize muuzaji kizazi cha prosesa kabla ya kutoa fedha.

VITU VITATU VISIVYOFANANA

Ndani ya kompyuta ya biashara mna vitu vya aina tatu, na kila kimoja kina namna yake ya kuhama.

Cha kwanza ni mafaili: ankara, orodha za bei, picha za stakabadhi, taarifa za benki, barua. Hii ndiyo mali yenyewe. Mafaili hunakiliwa tu.

Cha pili ni programu: Tally, QuickBooks, Excel na nyinginezo. Hizi ni vyombo vya kazi. Kwa kawaida programu haihami kwa kunakili folda yake. Lazima isimikwe upya kwenye mashine mpya, pamoja na leseni yake.

Cha tatu ni mipangilio: namna tarehe inavyoandikwa, alama ya fedha, ukubwa wa karatasi, printa ya risiti, akaunti za barua pepe, maneno ya siri. Haya ni mazoea ya ofisi. Hayaonekani kwa macho, na ndiyo yanayosahaulika kuliko yote.

Kosa la kawaida ni kunakili kila kilichopo kwenye uso wa skrini na kudhani kazi imekwisha. Picha ndogo yenye mshale pembeni ni njia ya mkato tu. Ukiinakili umebeba kibao cha duka, duka lenyewe umeliacha.

HATUA YA KWANZA: ANDIKA ORODHA

Chukua daftari. Kaa mbele ya kompyuta ya zamani, na uandike kila kazi unayoifanya humo kwa siku, kwa wiki, kwa mwezi na kwa mwaka. Kazi za mwaka ndizo zinazopotea, kwa sababu huzikumbuki mpaka mkaguzi aje.

Kisha andika kila kazi inatunzwa wapi. Usiishie kwenye folda ya nyaraka. Angalia pia uso wa skrini, diski D, na folda ya vitu vilivyopakuliwa. Humo ndimo zinamolala taarifa za M-Pesa na za benki, na oda za wateja zilizotumwa kwa WhatsApp.

Programu za hesabu zina mahali pake pa kuhifadhi data. TallyPrime mara nyingi huiweka kwenye folda ya watumiaji wote wa mashine, wala si kwenye folda yako. QuickBooks ya kwenye kompyuta huweka vitabu vya kampuni katika faili linaloishia na herufi QBW. Fungua programu yenyewe na usome njia inayoonyeshwa. Usikisie.

Wanaotumia akiba ya mtandaoni kama OneDrive wawe macho. Faili lenye alama ya wingu huonekana kwenye orodha, lakini huenda halimo ndani ya diski. Lishushe kwanza kwa intaneti ndipo ulinakili. Kumbuka pia kwamba OneDrive ya bure ina nafasi ya GB 5 tu. Ikijaa, mafaili mapya hayapandi tena.

HATUA YA PILI: FUNGA HESABU KABLA YA KUHAMA

Chagua siku ambayo mauzo ni machache, na usihame katikati ya kuandaa ritani ya kodi. Simamisha uingizaji wa ankara. Kisha chapa kutoka kompyuta ya zamani karatasi ya makabidhiano yenye mambo haya:

- urari wa hesabu hadi siku hiyo;
- jumla ya wadeni na jumla ya wadai;
- salio la benki na la fedha taslimu;
- thamani ya mali ghalani;
- namba ya ankara ya mwisho na ya stakabadhi ya mwisho;
- idadi ya mafaili na ukubwa wa kila folda kuu.

Ili kupata idadi ya mafaili, bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uangalie sifa zake. Tuseme inasema mafaili 18,426. Iandike namba hiyo.

Mwekezaji mdogo naye achape yake: idadi ya hisa kwa kila kampuni, bei aliyonunulia, gawio alilopokea, na kwa hati fungani, thamani yake, tarehe za riba na tarehe ya kuiva. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo tarehe 15 Aprili 1998, kwa hisa za TOL. Mtu aliyenunua miaka ile ya mwanzo huenda amekwisha kuhama kompyuta mara nne au tano. Idadi ya hisa inaweza kuthibitishwa kwa dalali wake, lakini bei ya ununuzi wa miaka hiyo huenda imeandikwa kwenye faili lake tu. Bila bei hiyo hawezi kujua faida yake ya kweli.

Wenye mafaili ya zamani ya Lotus 1-2-3 wajue kwamba Excel, tangu toleo la 2007, haiyafungui tena. LibreOffice, programu ya bure, hufungua mengi kati yake. Yafungue sasa na uyahifadhi kwa muundo mpya kabla mashine ya zamani haijaondoka.

HATUA YA TATU: KUNAKILI, SI KUKATA

Tumia amri ya kunakili. Usitumie amri ya kukata na kubandika. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, mali yote bado iko ilikotoka. Umeme ukikatika katikati ya kukata na kubandika, baadhi iko huku, baadhi kule, na kuipanga upya ni kazi ya siku nzima.

Kwa biashara ndogo, njia iliyo rahisi ni diski ya nje. Flashi ndogo inatosha kwa mafaili machache. Hata hivyo, flashi na diski nyingi hupangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja la kufikia GB 4. Faili la barua pepe za miaka kumi laweza kuvuka kiwango hicho. Diski iliyopangwa kwa exFAT au NTFS haina tatizo hilo.

Kuhusu muda, mlango wa USB 2 kwa kawaida hupitisha kama MB 30 kwa sekunde. Kwa hiyo GB 100 zahitaji karibu saa moja, na zaidi ikiwa ni mafaili madogo madogo mengi. Milango ya USB 3, ambayo mingi ina rangi ya buluu, huenda kasi zaidi. Usimharakishe fundi akakata waya kabla kazi haijaisha.

Kabla ya kuchomeka diski kwenye mashine mpya, ipitishe kwenye programu ya kukagua virusi. Flashi inayozunguka kati ya duka, steshenari na kwa dalali hubeba virusi kama basi linavyobeba abiria. Ukiviingiza kwenye mashine mpya siku ya kwanza, umenunua mashine mpya yenye ugonjwa wa zamani.

HATUA YA NNE: PROGRAMU ZA HESABU NA LESENI

Kwa programu za hesabu usitegemee kunakili folda peke yake. Toa nakala ya akiba kutoka ndani ya programu yenyewe, kisha irejeshe kwenye mashine mpya kwa amri ya programu hiyo hiyo. Kwa QuickBooks nakala hiyo huishia na herufi QBB.

Leseni zishughulikiwe mapema. Tally ya mtumiaji mmoja inakutaka usalimishe leseni kwenye kompyuta ya zamani ndipo uiwashe kwenye mpya. Mashine ya zamani ikifutwa kabla ya hapo, utaanza kuhangaika na akaunti yako ya mteja huku wateja wakisubiri ankara.

Jihadhari pia na kupanda toleo. Programu mpya ikifungua vitabu vya zamani, mara nyingi huvibadilisha muundo, na programu ya zamani haiwezi tena kuvisoma. Ndiyo maana nakala ya akiba ya toleo la zamani haiguswi mpaka kila kitu kimethibitishwa.

Kuhusu mashine zinazouzwa "tayari zimewekwa kila kitu": programu zisizo na leseni zilizowekwa na muuzaji si zawadi. Siku zikigoma, vitabu vyako vinabaki vimefungwa ndani yake.

HATUA YA TANO: TAREHE NA FEDHA

Hapa ndipo fedha hupotea kimya kimya, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kompyuta nyingi mpya hufika zikiwa zimepangwa kwa desturi ya Marekani. Huko mwezi huandikwa kwanza, kisha siku. Sisi huandika siku kwanza. Tuchukue ankara ya TSh 2,400,000 ya tarehe 05/03/2025, yaani 5 Machi, kwa mkopo wa siku 30. Deni hilo linaiva tarehe 4 Aprili 2025. Karani mpya, au mashine mpya, akiisoma kwa Kimarekani ataona 3 Mei, na deni litaiva tarehe 2 Juni. Fedha yako imekaa kwa mteja karibu miezi miwili zaidi, na hakuna aliyeiba.

Tofautisha hali mbili. Tarehe zilizokwisha hifadhiwa vizuri ndani ya faili la Excel haziharibiki. Zinabadilika sura tu, na ukirekebisha mipangilio hurudi kama zilivyokuwa. Hatari kubwa iko kwenye mafaili ya CSV, ambayo benki na mitandao ya simu hutoa kama taarifa za akaunti. Ukilifungua faili la namna hiyo kwa Excel yenye mipangilio ya Marekani, tarehe ambazo siku yake ni 1 hadi 12 hugeuzwa, siku ikawa mwezi. Zile ambazo siku yake ni 13 na kuendelea hukataliwa na kubaki maandishi matupu. Ukihifadhi juu yake, kosa limeingia kwenye vitabu.

Dalili ni rahisi kuiona. Katika Excel, tarehe ya kweli hujipanga upande wa kulia wa kisanduku, na maandishi hujipanga kushoto. Ukiona safu ya tarehe ambayo nusu ziko kulia na nusu kushoto, simamisha kazi.

Alama ya fedha nayo huyumba. Visanduku vilivyopangwa kufuata fedha ya kawaida ya mashine vitaonyesha TSh 4,500,000 kuwa dola 4,500,000. Tarakimu ni zile zile, alama ndiyo iliyobadilika. Ukimtumia mteja ankara ya namna hiyo, atakupigia simu kwa mshangao.

Kompyuta zilizotumika Ulaya zina mtego wao. Kwa desturi ya Ujerumani, mkato hutenganisha desimali na nukta hutenganisha maelfu. Ukiandika 1,250 kwenye mashine hiyo, inaelewa moja na robo.

Dawa yake ni moja. Kabla ya kuingiza faili hata moja, nenda kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya saa na lugha, uchague nchi yako, kisha uhakikishe muundo wa tarehe, alama ya fedha, na ukanda wa saa. Afrika Mashariki ni saa tatu mbele ya saa ya dunia. Badilisha na karatasi ya printa kutoka kipimo cha Marekani kuwa A4, na kwa printa ya risiti chagua upana wake halisi, milimita 58 au 80.

Jambo la mwisho hapa ni viungo kati ya mafaili. Kitabu cha Excel kinachovuta bei kutoka kitabu kingine hukumbuka mahali kilipokuwa. Jina la mtumiaji likibadilika, au diski D ikiwa haipo, kinaweza kuendelea kuonyesha bei za zamani. Fungua kila kitabu chenye viungo, visasishe, na ubadilishe bei moja kwa majaribio uone kama inafika.

HATUA YA SITA: BARUA NA MANENO YA SIRI

Uliza barua pepe zako zinatunzwa wapi. Kwa mpango wa IMAP, barua hubaki kwenye mtambo wa mtoa huduma, na kompyuta mpya itaziona. Kwa mpango wa POP, barua huenda ziko kwenye kompyuta ya zamani peke yake. Katika Outlook ya zamani hukaa kwenye faili linaloishia na pst. Asiyelinakili atafungua mashine mpya na kukuta sanduku tupu, mikataba yote imebaki nyuma.

Maneno ya siri yaliyohifadhiwa na kivinjari hayahami kwa kunakili folda, kwa kuwa yamefungwa kwa msimbo wa mtumiaji wa mashine ile. Yapo yanayohama kwa kuingia na akaunti yako ya kivinjari, au kwa kuyatoa kama faili. Ukiyatoa kama faili, yameandikwa wazi kama barua. Lifute faili hilo likishatumika, na lisipite mikononi mwa fundi.

Kabla ya kuzima mashine ya zamani, hakikisha unaweza kuingia kwa mpya kwenye benki, kwenye mfumo wa kodi na kwa dalali wako, pamoja na namba za uthibitisho zinazokuja kwa simu. Namba ya simu iliyosajiliwa ikiwa ni ya karani aliyekwisha acha kazi, ni afadhali uligundue hilo leo.

HATUA YA SABA: HESABU ZILINGANE

Sasa chapa kutoka mashine mpya karatasi ile ile ya makabidhiano. Ziweke mbili ubavu kwa ubavu. Urari ulingane hadi senti ya mwisho. Wadeni, wadai, benki na mali vilingane. Ankara ya mwisho iwe na namba ile ile. Mafaili yawe 18,426, si 18,402.

Tofauti ndogo isipuuzwe. Mafaili 24 yaliyopungua yanaweza kuwa picha za sherehe, na yanaweza kuwa ankara 24. Yatafute mpaka uyajue.

Kisha fungua mafaili kumi bila kuchagua, mapya kwa ya zamani. Faili linaweza kuwepo kwa jina na lisifunguke. Chapa ankara moja ya majaribio na risiti moja. Yakiwa sawa, wewe na aliyefanya kazi mtie sahihi na tarehe.

MASHINE YA ZAMANI

Usiiuze wiki hiyo. Iweke pembeni mpaka mzunguko mmoja wa mwezi upite: mishahara, ritani ya kodi, hesabu za mwisho wa mwezi. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano, na sheria ya Kenya ya taratibu za kodi nayo inasema mitano. "Kompyuta iliharibika" si kinga ya kutegemea mbele ya mkaguzi.

Tunza nakala tatu: moja kwenye mashine, moja kwenye diski ya nje, na moja nje kabisa ya jengo la biashara. Moto wa Soko la Kariakoo wa Julai 2021 ni ukumbusho tosha. Diski ya akiba inayokaa droo moja na kompyuta huungua pamoja nayo.

Wakati wa kuiuza ukifika, usitosheke na kufuta mafaili. Kilichofutwa kwa kawaida huweza kurudishwa na fundi yeyote mwenye programu ya kazi hiyo. Tumia amri ya Windows ya kurudisha mashine kama mpya, na uchague kusafisha diski yote. Majina na madeni ya wateja wako ni taarifa zao, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Toka pia kwenye WhatsApp ya kompyuta ile, kwa kuiondoa kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa na simu yako.

Kwenye mashine mpya, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker. Kompyuta nyingi za sasa hujifunga zenyewe. Ufunguo wake wa uokoaji una tarakimu 48. Uchape na uuweke pamoja na hati za biashara. Mashine ikiharibika na ufunguo haupo, diski nzima itabaki imefungwa, hata kwako mwenye mali.

KATA UBANDIKE UKUTANI

1. Orodha ya kazi zote: za siku, wiki, mwezi na mwaka.
2. Karatasi ya makabidhiano kutoka mashine ya zamani.
3. Nchi, tarehe, fedha na karatasi zipangwe kwenye mashine mpya kabla ya kuingiza faili.
4. Nakili, usikate.
5. Nakala ya akiba itoke ndani ya programu ya hesabu, na leseni isalimishwe mapema.
6. Barua, maneno ya siri na namba za uthibitisho zijaribiwe.
7. Karatasi ya pili ilingane na ya kwanza, ndipo sahihi.
8. Mashine ya zamani ikae mwezi mzima, kisha isafishwe.

Kazi yote hii huchukua siku moja, au mbili kwa biashara yenye vitabu vingi. Linganisha siku hiyo na deni moja la TSh 2,400,000 lisilo na ankara, kisha uamue kama utakaa na fundi au utamwachia ufunguo.